Pua na Shati la Mistari

Katika duka letu la dobi kila mtu ana jina la kazi, na mwenye jina huwa hashauriwi. Anayefua tunamwita Bomba, kwa sababu ya mikono yake, na kwa sababu maji yakikatika yeye ndiye hulaumiwa. Binti wa mbele anayepokea nguo ni Kaunta. Mimi mpiga pasi naitwa Mvuke, labda kwa kuwa nikiulizwa jambo natoa sauti kidogo kisha napotea. Na huyu ninayetaka kumsimulia, mwanamke aliyekalia meza ya kuchambua nguo tangu duka likiwa na beseni na kamba tu, ni Pua.

Nguo chafu zikiingia, kabla hazijaonja maji, hupita kwake. Anashika shati, anageuza kwapa, ananusa, anatupa kwenye kikapu. Hiki cha maji baridi, hiki cha kulowekwa, hiki cha kurudiwa mara mbili, hiki cha kumwombea mwenye nguo. Redioni wana wachambuzi wa mpira. Sisi tulikuwa na mchambuzi wa makwapa, na tofauti ni kwamba wetu hakuwahi kukosea matokeo. Kwa kola tu alijua nani kaanza sigara, nani kahamia kwa mama yake, nani analala na wasiwasi.

"Mwalimu kaacha pombe," angesema. Wiki moja baadaye: "Mwalimu kairudia, lakini kwa aibu."

Hapo mgeni asishangae. Sisi madobi hatusemi "shati la mwalimu" wala "suruali ya hakimu". Nguo tunaiita kwa jina la mwenyewe, na tunaizungumzia kama mtu. Hakimu hajakauka. Mjomba katoa rangi, mtenge asije akawachafua wenzake. Bibi harusi kaungua mgongoni, nani atamwambia mama yake? Mtu akipita nje ya dirisha letu angeweza kuita polisi.

Kwa sura Pua ni mwanamke wa kawaida. Mfupi, amejaa kiasi, kitambaa kimefungwa kichwani, vidole vimekunjamana kwa unyevu kama vya mtu aliyesahauliwa bafuni. Miaka yake ilikuwa imeshapita ile ambayo shangazi huulizia kwa upole, ikaingia ile ambayo shangazi huacha kuulizia na kuanza kuguna. Wateja wanaume hawakumjua kabisa. Kati ya chumba cha mbele na chetu kuna pazia la plastiki, na mbele ya pazia yuko Kaunta.

Kaunta, jamani, aliumbwa siku ambayo Muumba hakuwa na haraka. Tangu aajiriwe biashara ilipanda kama maziwa yanayochemka. Wanaume walileta nguo safi. Siku moja Pua alinyanyua fulana, akaigeuza mara mbili, akapiga kelele kupitia pazia:

"Kaunta! Muulize huyu kaka fulana yake ina kosa gani! Bado ina lebo ya dukani!"

Bomba alicheka hadi akashika beseni. Yeye alikuwa na falsafa yake kuhusu mambo haya, na alikuwa akiitoa huku anakamua mablanketi.

"Mwanaume ni jicho," alisema. "Akiona, kesi imekwisha, hukumu imetoka, kilichobaki ni kukata rufaa kwa mkewe. Mimi mke wangu nilimwona anavuka barabara. Hata jina sikuuliza. Nikasema, huyu."

"Na yeye akasema nini?" Pua aliuliza.

"Akasema 'wewe nani?' Ikachukua mwaka mzima kumjibu."

"Mwaka mzima alikuwa anakufanyia upelelezi."

"Upelelezi gani? Alikuwa anaringa."

"Alikuwa anaangalia unavyomjibu mama yako kwenye simu," Pua alisema. "Alikuwa anaangalia ukinunua kitu unakipeleka nyumbani au unakila njiani. Ninyi mnachagua mke kama mtu anayechagua embe akiwa ndani ya gari linalokwenda. Sisi tunaliminya, tunaligeuza, tunanusa kwenye kikonyo."

"Na bado mnapata yaliyooza!"

"Kwa sababu mengine yamepakwa manukato."

Nilicheka peke yangu nyuma ya mvuke. Mke wangu mimi nilimpenda kwa kuona shingo yake tu, tukiwa kwenye foleni ya posta. Alipogeuka nilikuwa nimeshaamua, namshukuru Mungu aligeuka na uso mzuri. Lakini si hoja yangu leo.

Hoja ni kwamba Pua alichagua kwa pua, na hilo lilikuwa limemtia mashakani kwao. Wachumba waliletwa. Mmoja, karani mtanashati, alikaa sebuleni nusu saa. Alipoondoka Pua alifungua madirisha yote. "Ananuka kama sarafu iliyoshikwa muda mrefu," alimwambia mama yake. Mwingine hakunuka chochote, na hilo lilimtisha zaidi. "Mama, mtu asiye na harufu anaficha nini?"

Mama yake Pua, mjane, mwanamke mwenye sauti inayosikika mpaka kwa jirani wa tatu, alikuwa amechoka.

"Pua hailei watoto," alimwambia. "Kuna mwenye duka la saruji. Mke wake alifariki, ana nyumba, ana adabu, anakuja Jumapili hii kupata jibu. Ukimnusa mbele yangu nitakuziba hizo tundu kwa saruji yake mwenyewe."

Haya Pua alitusimulia wakati wa chai, anacheka, lakini chai yake hakuinywa. Maana tatizo halikuwa yule wa saruji peke yake. Tatizo lilikuwa kwamba Pua alikuwa ameshampata mtu wake. Tena kwa miezi kadhaa. Na hajawahi kumwona.

Alikuwa anamjua kama Mistari. Mashati yake yote yalikuwa ya mistari, ya buluu, ya kijani, ya kahawia, na yaliletwa na mama yake mzazi ndani ya mfuko wa mkeka. Yule mama alikuwa na kawaida ya kuanza kila jambo kwa kukataa. Ukimwambia shikamoo anasema, "Hapana, marahaba." Hakumwamini mtu na nguo za mwanawe, hata mwanawe.

Siku ya kwanza shati la Mistari lilipofika mezani, Pua aligeuza kwapa, akanusa, na hakulitupa. Alibaki amelishika. Bomba alidhani kapatwa na kizunguzungu.

"Vipi? Kaoza?"

"Nyamaza kidogo."

"Ni nini?"

"Nimesema nyamaza, unanichafulia hewa."

Baadaye aliniambia mimi, kwa sababu mimi sina wa kumwambia. "Juu kuna chuma na mafuta ya mashine," alisema. "Hiyo ni kazi, nadhani anachonga funguo. Chini yake kuna sabuni ya kipande, hiyo ni mama yake. Halafu chini kabisa yuko yeye." Akatafuta neno. "Kama shingo ya mtoto anapoamka usingizini."

Kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kumgusa Mistari. Pua alimloweka mwenyewe, akamtia wanga mwenyewe, kwenye kola na kwenye mikono, kisha akasimama karibu nami nikipiga pasi, kama mama anayemwangalia kinyozi.

Jumatatu ya wiki ile ambayo wa saruji alikuwa anakuja, Pua aliamua. Alimwagiza Kaunta amwambie yule mama kwamba kifungo cha shati moja kimepotea na mwenyewe lazima aje kuchagua kingine kwenye kopo. Ulikuwa uongo. Kifungo alikuwa nacho mfukoni.

Mistari akaja jioni. Sisi watatu tulikuwa nyuma ya pazia, tumebanana kama nguo kwenye mashine. Kwanza yaliingia masikio. Kisha kitumbo cha mtu anayelishwa na mama yake. Kisha yeye mwenyewe, fundi kufuli kweli, funguo zinalia kiunoni kama mbuzi mwenye kengele. Sura haikuwa ya kutisha, lakini hakuna ambaye angeipigia picha bila kulipwa.

"Ndiye huyo?" Bomba alinong'ona. "Pole, dada yangu."

"Sura mtu huizoea," Pua alisema, hakubandua jicho. "Harufu mbaya ndio haizoeleki."

Lakini Mistari hakufika hata kwenye kopo la vifungo. Alimwona Kaunta. Niliona jambo lenyewe likitokea, halikuchukua muda wa kufungua mlango. Mdomo ulifunguka, mkono ukabaki hewani, na alipoulizwa kifungo anataka rangi gani akajibu, "Asante."

Akachukua kifungo cha zambarau. Akatoka, akajigonga kwenye mlango, akaomba msamaha, akiuomba mlango.

"Kesi imekwisha, hukumu imetoka," Bomba alisema, lakini taratibu, maana alimwona Pua uso wake.

"Kamwona yeye," Pua alisema. "Mimi hajaninusa." Akarudi mezani akatupa nguo za watu kwenye vikapu visivyo vyake. Siku ile hakimu alifuliwa na soksi.

Jumanne Mistari alileta shati mwenyewe. Jumatano alileta mashati mawili asubuhi na moja mchana, na lile la mchana lilikuwa na doa la chai lenye umbo la mtu aliyejimwagia kwa makusudi. Kila mara alimtazama Kaunta, akasema asante kabla hajapewa kitu, akaondoka. Kaunta alizoea watu wa aina hiyo. Alikuwa na mtihani wake mwenyewe: aliwapanga wanaume kwenye foleni, akaangalia nani anampisha bibi kizee. Wengi walifeli wakiwa wamechana nywele vizuri.

Alhamisi akaja mama yake Mistari, hana mfuko, kabeba mkoba kwapani kama mtu anayekwenda mahakamani. Duka lilikuwa limejaa.

"Hapana, shikamoo zenu sizitaki," alisema kabla hatujamwamkia. "Nina swali moja. Mwanangu hali. Mwanangu anabadilisha shati kama kinyonga. Jana kaimba bafuni. Tangu azaliwe hajawahi kuimba! Nataka kujua: humu ndani nani anamshughulikia mwanangu?"

Kaunta alifungua pazia kidogo. "Dada, kuna mama anauliza nani anamshughulikia Mistari."

Pua akatoka na povu mpaka kwenye viwiko. Alidhani mteja anasifu kazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama mbele ya mama wa mtu wake, akataka kueleza vizuri.

"Ni mimi, mama. Mwanao simwachii mtu mwingine. Tangu siku ya kwanza namhudumia kwa mkono wangu."

"Unamfanyia nini?"

"Namloweka kwanza. Hata sasa hivi yuko kwenye maji, tangu jana. Halafu namkamua, pole pole, asichanike. Akishakauka ndio namtia wanga."

Foleni nzima ikageuka. Wanga kwetu ni ule unga wa kukazia kola. Kwa mama wa watu aliyekesha akimsikiliza mwanawe anaimba bafuni, wanga ni wale wanaozunguka nyumba za watu uchi.

"Unamtia nini?"

"Wanga, mama. Kila wiki. Shingoni na mikononi. Bila wanga mwanao analegea, hasimami. Mimi nataka awe mkakamavu."

"Uuuwi!" Mkoba ukaanguka. "Jamani mmesikia? Anasema mwenyewe! Bila aibu! Mbele ya mashahidi!"

"Kama hupendi mwingi nitampunguzia..."

"Umwondolee wote! Leo! Na huko kwenye maji umtoe!"

"Nikimtoa sasa, mama, atabaki na madoa."

Mzee mmoja kwenye foleni alivaa kofia yake akaondoka bila suruali aliyoijia. Bomba alikuwa amekaa chini, kwenye maji, hawezi kusema kwa kucheka. Ikabidi mimi, Mvuke, nichukue pakiti ya unga, nitoke mbele za watu, nimwonyeshe mama. Sikupata neno lolote isipokuwa, "Kola, mama." Nikashika kola yangu mwenyewe. "Kola."

Aliisoma pakiti mbele na nyuma. Aliuonja unga kwa ncha ya ulimi. Watu wakaanza kucheka, yeye hakucheka, ila mabega yalishuka.

"Hapana," alisema, "basi nimeelewa. Lakini mwanangu bado anaimba."

Na hapo, kama aliyeitwa, mwanawe akaingia na shati la tano.

"Sema," mama yake akamwambia. "Ni nani?"

Mistari alitazama sakafu, akatazama mlango, na kidole chake kikanyanyuka chenyewe, kikamwonyesha Kaunta. Foleni ikaguna. Wenye fulana za lebo waliguna zaidi.

Kaunta si mkatili. Ila akiulizwa hadharani, hujibu hadharani. "Kaka yangu," alisema, "wewe ni mtu mwema, unampisha kila mtu kwenye foleni. Ningekupa alama zote. Lakini nikikaa karibu yako nasikia kitunguu. Kitunguu kilichokatwa jana. Samahani, siwezi."

Nilidhani mama mtu ataanza upya. Lakini aliyeanza alikuwa Pua.

"Kitunguu?" alisema. "Kitunguu! Pua yako imeota kutu, mdogo wangu. Huyu ana kitunguu wapi? Miezi yote nimemshika mimi. Juu ni chuma, chuma si yeye, chuma ni kazi. Chini yake ni kama shingo ya mtoto anapoamka usingizini. Hata akikasirika harufu haibadiliki. Nimefua watu mji mzima, wakubwa na wadogo, na hakuna mwingine."

Hakuna aliyecheka. Povu lilikuwa linamdondoka Pua kwenye viatu.

"Wewe," mama yake Mistari alisema taratibu, "shingo ya mwanangu umeijuaje?"

"Kola, mama," Pua alijibu, akarudi nyuma ya pazia mbio.

Yule mama alibaki ameangalia pazia. Kisha akasema, si kwetu, kama anajisemea: "Baba yake naye alikuwa hivyo hivyo. Sura yake ilikuwa kama ameikalia. Wenzangu walinicheka. Lakini ukimkaribia..." Akajishtukia. "Hapana. Tunaondoka. Leteni nguo zake zote."

Mistari mwenyewe hakumwona hata Pua. Tangu lilipotamkwa neno kitunguu alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamewaka kama taa za gari linalofunga breki. Walibeba kila kilichokauka. Likabaki shati la buluu lililokuwa kwenye maji. Mama akasema litafuatwa Ijumaa, kisha wasitegemee kuwaona tena.

Jioni ile Pua alilifua lile shati, akalianika. Bomba alijaribu kumfariji. "Kubali wa saruji, dada. Angalau nyumba yake haitavuja."

"Anakuja Jumapili," Pua alisema. "Mama ameshanunua vikombe vipya."

Ijumaa asubuhi nilipofika nilimkuta mezani ananusa nguo za watu kama kawaida, ila chini ya aproni yake niliona kola ya mistari ya buluu. Nilimtazama. Alinitazama. Katika kazi yetu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kuunguza nguo ni bahati mbaya, kupoteza ni uzembe, lakini kuvaa nguo ya mteja ni kufukuzwa bila salamu.

"Mvuke," alisema, "umeona nini?"

"Mvuke," nilijibu.

Alilivaa mpaka saa za mchana. Alilibebea mablanketi, aliinamia vikapu akiwa nalo, akatokwa nalo jasho la haki. Baada ya chakula akalivua, akaliweka mbele yangu. "Lipitishie pasi kwa mbali," alisema. "Lisipate moto sana. Na wanga usitie."

Nilipiga pasi kama ninavyompapasa mtoto mwenye homa. Mama wa Mistari akaja, akalipokea, akasema hapana asante, akaenda.

Jumamosi tulikuwa tunakaribia kufunga. Kaunta anapaka rangi kucha, mimi nazima pasi. Mistari akaingia. Alikuwa amevaa lile shati la buluu, na alikuwa na uso wa mtu anayetafuta jina la mtu anayemjua. Akapita mbele ya Kaunta.

Nasema akapita. Alisema, "Samahani dada," kama unavyomwambia mtu yeyote aliyesimama njiani, akafungua pazia akaingia kwetu.

"Mlitumia sabuni gani safari hii?" aliuliza.

"Ya siku zote," Bomba alisema. "Hiyo hapo."

Mistari akainama akanusa ndoo. "Siyo hii. Usiku kucha sikulala. Nikilivua nalivaa tena. Mama kaniuliza kama naumwa. Nataka mnifulie zote kwa sabuni hiyo hiyo."

"Jaribu ya maji," Bomba alisema, akafungua chupa. Siyo. Dawa ya madoa, alikohoa, siyo. Unga wa wanga, siyo, akapiga chafya. Kisha akafumba macho. Sijui nani alimfundisha, labda ndivyo wanavyosikiliza kufuli inayogoma. Akaanza kutembea hivyo hivyo, mikono mbele, pua juu, funguo zinalia. Alinusa mashine. Alinusa kamba. Alininusa mimi, akatikisa kichwa bila huruma. Bomba akajisogeza mwenyewe kabla hajafikiwa.

Pua alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, mikono kwenye aproni. Hakumsaidia. Hakukohoa, hakusogea, nadhani hata hakupumua, yeye ambaye kazi yake ni kuvuta pumzi. Kaunta alikuwa amechungulia kupitia pazia na kucha zake mbichi, mzuri kuliko siku zote, na hakuna aliyemtazama.

Mistari aligonga meza kwa kitumbo. Akasimama. Akavuta hewa mara moja, ndefu. Akafumbua macho.

"Ni wewe," alisema.

"Mimi nani?" Pua aliuliza, kwa ile sauti ya mke wa Bomba aliyezuiwa kuvuka barabara.

"Ile sabuni."

"Sabuni hiyo haiuzwi dukani."

"Inapatikana wapi?"

"Kwa mama yangu. Kesho. Uje mapema, kuna mtu wa saruji anakuja kuiulizia."

Alitazama uso wake sasa, kwa mara ya kwanza, kile kitambaa, vile vidole. Nilimwona akifika kwenye uso akiwa ameshaamua, kama mimi na ile shingo ya posta, ila yeye aliingilia mlango wa nyuma.

Jumapili nilikwenda kwao Pua kama kaka, kwa kuwa hana kaka. Mwenye saruji alikuwa ameshafika, mtu mstaarabu, suti safi, iliyofuliwa kwetu nadhani. Mistari akaja na mama yake, ambaye alimwambia kila mtu hapana kisha akakaa. Mama yake Pua alimtazama mgeni wa masikio, akatazama suti, akatazama vikombe vyake vipya, akakaribia kulia. Ila alikuwa mama mwenye haki. Alisogeza kiti, akakaa ubavuni kwa Mistari, akainama kama anaokota kitu, akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Mbona mimi sisikii chochote?" alimuuliza binti yake, kwa ile sauti ya jirani wa tatu.

"Vizuri, mama," Pua alisema, akimimina chai. "Hakuja kwa ajili yako."

Mwenye saruji ndiye aliyecheka wa kwanza. Alikunywa chai yake yote, akaaga kwa heshima, na wiki iliyofuata alileta suti dukani mwenyewe, safi kabisa, akasimama mbele ya Kaunta akasema asante kabla hajaulizwa kitu. Bibi kizee alikuwa nyuma yake. Akampisha.

Mistari na Pua wana watoto sasa. Mashati ya mumewe Pua anayafua nyumbani, na kila asubuhi, kabla hajaenda kwenye kufuli zake, Mistari huinamisha shingo na kumwambia, "Nitie wanga kidogo." Mama mkwe, aliyehamia chumba cha pili, bado anashtuka.